Wakili wa muuzaji anasema "mimi natosha kwa pande zote mbili". Fleti South C, nitie sahihi Ijumaa?

#1 Mpangaji_Mchovu (Jumanne, saa 2:14 usiku)
Wadau habari. Nimepata fleti ya vyumba viwili South C, ghorofa ya tatu, milioni 7.2. Jengo limekwisha, watu wameshaanza kuhamia, maji yapo (nimefungua mifereji yote mwenyewe). Anayeuza ni kampuni iliyojenga.

Leo wakili wao amenipigia. Ati nisihangaike kutafuta wakili, yeye atashughulikia pande zote mbili na ada ya upande wangu kampuni itailipa. Mkataba uko tayari, Ijumaa niende ofisini na asilimia 10, nitie sahihi, mambo yaanze.

Mke wangu anasema tafuta wakili wako. Shemeji anasema ofa kama hiyo hairudi. Mimi naomba kujua: wakili wa mnunuzi hufanya kazi gani hasa ambayo huyu mwingine hawezi kunifanyia? Na mbona wanataka kunilipia? Sijawahi kuona kampuni ya ujenzi ikimnunulia mtu hata soda.

#2 Doo_ni_Doo
Chukua hiyo ofa kabla hawajabadilisha nia. Mkataba ni ule ule, wanafuta jina la mteja wa jana wanaweka lako, laki moja na nusu imeenda. Mimi nilinunua ploti Kitengela, tukaandikiana kwa chifu, mashahidi wawili, tukanywa chai. Mpaka leo hakuna aliyenisumbua.

#3 Mama_Tumaini
Na hatimiliki iko kwa jina la nani, Doo?

#4 Doo_ni_Doo
Inashughulikiwa.

#5 Mama_Tumaini
Inashughulikiwa tangu lini? Uzi wako wa 2019 kuhusu ploti hiyo hiyo bado uko humu, naweza kuuinua.

#6 Karani_Mstaafu
Hamjambo vijana. Nimekaa masjala ya ardhi miaka mingi, sasa nimestaafu, naongea bila kuogopa mdosi.

Doo, mkataba wa kununua ardhi Kenya lazima uwe wa maandishi, utiwe sahihi na wahusika wote, na kila sahihi iwe na shahidi. Iko kwenye Sheria ya Mikataba, kifungu cha 3(3). Karatasi yako ya chifu huenda ikapita hapo. Lakini mali inahama siku ambayo uhamisho umesajiliwa, si siku ya chai. Na Kitengela kuna ploti nyingi ambazo kwenye daftari bado ni shamba. Shamba la kilimo halihami bila idhini ya bodi ya ardhi, na idhini inaombwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba, la sivyo mapatano yenyewe ni batili. Uliomba?

#7 Doo_ni_Doo
Mzee, sasa umeanza kunitisha saa tatu usiku.

#8 Karani_Mstaafu
Turudi kwa Mchovu. Wakili wa mnunuzi kazi yake kubwa iko kabla ya sahihi, na watu wengi humwita baada ya sahihi. Anafanya serchi rasmi aone mwenye mali ni nani, kama kuna rehani ya benki, kama kuna zuio lililowekwa na mke, ndugu au mdai. Anaangalia kama ni miliki huru au ni ya kukodi, na miaka iliyobaki ni mingapi, maana Nairobi sehemu kubwa ni ya kukodi. Anadai vibali viwili: cha ada za kaunti na cha kodi ya ardhi kutoka wizarani. Anasoma mkataba kwa jicho la mtu atakayelipa. Kisha kwenye pesa: halipi salio mpaka apate hati halisi, fomu za uhamisho zilizotiwa sahihi, vibali, picha na PIN (namba ya kodi) za muuzaji, au apate ahadi ya maandishi ya wakili mwenzake inayombana. Mwisho anapeleka ushuru wa stempu na kusajili.

Huyo wa kampuni anayajua yote hayo. Tatizo ni kwamba akikuta zuio kwenye serchi, atamwambia nani kwanza? Aliyemwajiri.

#9 Otis_wa_Kayole
Aliyemwajiri + aliyekulipia = mtu mmoja. Hesabu ya darasa la tatu.

#10 Nyumbani_Leeds
Salamu kutoka baridi. Huku Uingereza (si Uskoti, wao wana utaratibu wao) nilinunua nyumba mwaka jana, na mnunuzi na muuzaji karibu kila mara wana ofisi tofauti. Kanuni za mawakili huku zinabana sana ofisi moja kushika pande zote mbili. Si lazima awe wakili kamili: tangu sheria ya 1985 kuna watu wenye leseni ya kazi ya nyumba peke yake. Ada wanatakiwa kuzitangaza kwenye tovuti, tangu Desemba 2018, kwa hivyo unalinganisha ukiwa kitandani.

Kilichonishangaza ni upekuzi wao: baraza la mtaa, maji na mitaro, mazingira, mpaka historia ya mafuriko. Lakini mpaka siku ya kubadilishana mikataba hakuna aliyefungwa. Muuzaji wangu wa kwanza alipandishiwa bei na mtu mwingine akaniacha, na gharama za upekuzi zikawa zangu.

#11 Otis_wa_Kayole
Kumbe hata kwa mzungu broka ni broka.

#12 Binti_Pate
Asalaam aleikum. Niko mwanagenzi katika ofisi ya wakili hapa mjini, kwa hivyo ninayoyasema ni ya barazani, si ushauri.

Ndugu Doo ametaja laki moja na nusu, na kwa bei ya Mchovu hakukosea sana. Viwango viko katika Amri ya Malipo ya Mawakili ilivyorekebishwa 2014: asilimia 2 kwa milioni 5 za kwanza, kisha asilimia 1.5 kwa kinachozidi, hadi milioni 100. Milioni 7.2 inatoa 100,000 na 33,000, jumla 133,000. Ongeza VAT ya asilimia 16, inafika 154,280. Hapo bado gharama ndogo ndogo za serchi na usajili.

Na wakili haruhusiwi kutoza chini ya kiwango hicho. Ndiyo maana akikwambia "nitakufanyia elfu ishirini", jiulize kazi ipi ataiacha.

#13 Otis_wa_Kayole
Binti, haruhusiwi kwenye karatasi. Tembea River Road asubuhi moja uone.

#14 Binti_Pate
Nimetembea. Waliopo ngazini wengi wao si mawakili. Jina lolote unaweza kulikagua kwenye tovuti ya LSK (chama cha mawakili Kenya), utaona kama cheti cha mwaka huu kipo. Na asiye wakili akiandaa hati za ardhi kwa malipo ni kosa la jinai, kifungu cha 34 cha Sheria ya Mawakili.

#15 Fundi_Umeme_254
Mchovu kumbuka pia ushuru wa stempu, asilimia 2 ya bei. Mnunuzi wa nyumba ya kwanza halipi kitu, serikali ilifuta.

#16 Mama_Tumaini
Fundi, mawili hayo yote yamekwenda kombo. Asilimia 2 ni kwa ardhi ya mashambani. Mjini ni 4. South C ni mjini, hata ng'ombe wakipita. Hiyo ni 288,000 kwa fleti yake. Na msamaha wa nyumba ya kwanza ni kwa walio kwenye mpango wa nyumba za bei nafuu, si kila mtu anayenunua kwa mara ya kwanza.

#17 Fundi_Umeme_254
Niliambiwa na mtu wa mauzo.

#18 Mama_Tumaini
Najua uliambiwa na mtu wa mauzo.

#19 Karani_Mstaafu
Niongeze hapo. Mthamini wa serikali ndiye anayeamua thamani ya kupigia ushuru. Wale wanaoandika milioni 4 kwenye mkataba na kulipa milioni 3 chini ya meza wanajidanganya mara mbili: mthamini anaipandisha, na siku mkikosana korti inaona milioni 4 tu.

#20 Bikoni_Imesimama
Mimi ni surveya. Watu wa sheria wameongea sana kuhusu jina. Serchi inakupa jina, haikupi mahali. Nimeitwa mara kadhaa na mtu mwenye hati safi kabisa, serchi safi, wakili safi, halafu naweka mashine nakuta nyumba aliyoonyeshwa iko kwenye namba ya jirani. Anayenunua ploti achukue ramani kutoka Survey pale Ruaraka na alipe mtu amwonyeshe mabikoni (alama za mpaka) kabla ya kutoa shilingi.

Kwa fleti shida ni nyingine. Zamani ulikuwa unapewa hati ya ukodishaji mrefu pamoja na hisa moja kwenye kampuni ya kusimamia jengo. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020 ilikuja kubadilisha hiyo: jengo lipimwe, mpango wa sehemu (mchoro unaoonyesha kila fleti) usajiliwe, hati mama ya kiwanja chote ifungwe, kila fleti ipate hati yake. Mchovu, waulize swali moja: mpango wa sehemu umesajiliwa? Wakikujibu "uko njiani", basi mimi naamini hiyo ndiyo sababu hawataki wakili wako aje kuuliza.

#21 Karani_Mstaafu
Mimi naona ni rehani. Kampuni nyingi zinakopa kujenga, hati mama inalala benki. Kila fleti ikiuzwa inabidi benki iiachilie. Wakili wako atadai barua ya benki kabla ya kutoa pesa, na barua ya benki huja tu kama kampuni inalipa deni lake vizuri.

#22 Binti_Pate
Mzee wangu, kwa heshima, huenda hakuna ubaya wowote. Kampuni yenye fleti nyingi huwa na mkataba mmoja kwa wote. Kila wakili wa mnunuzi akija na marekebisho yake, wanabaki na mikataba ya kila namna na jengo moja. Ni rahisi kwao kukulipia wakili kuliko kujibizana naye kwa barua mwezi mzima.

#23 Otis_wa_Kayole
Ni mwisho wa mwezi, msichana wa mauzo hajafikisha idadi. Mnawaza mbali sana.

#24 Mama_Tumaini
Au kandarasi anadai na asilimia 10 ya Mchovu ndiyo mshahara wa mafundi wa jengo linalofuata. Mchovu, uko wapi? Tuwekee mkataba, funika majina.

#25 Mpangaji_Mchovu (Jumatano, saa 6:40 mchana)
Niko kazini, nilikuwa nasoma kimya. Shukrani nyote. Nimeomba nakala, wakasita, wakatuma. Ni kurasa nyingi. Vipengele vilivyonikwaza:

Amana ya asilimia 10 "itaachiliwa kwa muuzaji mara baada ya sahihi".
Kukamilisha ni "siku 90 au muda mwingine ambao muuzaji ataona unafaa".
Nikichelewa kulipa nafutiwa na amana inabaki kwao. Wao wakichelewa, hakuna kilichoandikwa.
Mali imeelezwa kwa namba ya kiwanja chote, L.R. 209 na mkwaju, pamoja na "fleti nambari fulani iliyochorwa kwa rangi nyekundu kwenye ramani iliyoambatishwa". Ramani haijaambatishwa.

#26 Bikoni_Imesimama
"Iliyochorwa kwa rangi nyekundu" kwenye ramani ambayo haipo. Nimecheka peke yangu kwenye mat.

Hiyo namba ya L.R. iangalie vizuri. Tangu 2021 ardhi ya Nairobi inahamishwa kutoka namba za zamani kwenda namba za bloku. Kama kiwanja kimeshabadilishwa, mkataba unaotaja namba ya zamani peke yake utakusumbua wakati wa kusajili.

#27 Binti_Pate
Kipengele cha amana ndicho kizito. Masharti ya Mauzo ya LSK, toleo la 2015, yanachukulia kwamba wakili wa muuzaji anaishika amana kwa niaba ya wote wawili mpaka mkamilishe, isipokuwa mmekubaliana vingine. Mkataba wenu umekubaliana vingine kwa niaba yako. Pesa ikishaingia kwa muuzaji, kuidai ni kesi.

Na "muda ambao muuzaji ataona unafaa" hufutwa kwa mstari mmoja wa kalamu. Masharti hayo hayo ya LSK yana notisi ya siku 21 kwa upande wowote unaochelewa. Iwekwe iwabane na wao.

#28 Doo_ni_Doo
Sasa Binti umethibitisha kwamba kipengele kibaya kinafutwa kwa mstari mmoja wa kalamu. Kalamu mimi ninayo. Laki na nusu ya nini?

#29 Binti_Pate
Ya kujua mstari upi, ndugu yangu.

#30 Mtaa_wa_Saba
Mimi naingia hapa kwa upande wa Doo, ingawa sipendi. Nilitumia wakili. Ofisi nzuri, kiyoyozi, diploma ukutani. Nilimpa pesa yote ya nyumba ya Buruburu aishike. Muuzaji alikuwa halali, hati halali. Wakili ndiye aliyepotea na pesa. Simu ikazimwa, ofisi ikawa ya mtu wa kuuza vipodozi. Jina lake sitalitaja hapa, kesi bado ina miguu. Nimepita Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, nikafika kwenye jopo la nidhamu. Ameadhibiwa. Pesa yangu naipata kwa vipande, kama mtu anayelipwa deni la sukari.

Kwa hivyo mkimwambia Mchovu "tafuta wakili", mwambieni pia jinsi ya kujilinda na wakili asimle.

#31 Mama_Tumaini
Pole sana ndugu. Hilo halisemwi vya kutosha.

#32 Karani_Mstaafu
Pole. Kuna njia. Kama mnunuzi ana mkopo wa benki, pesa haipiti mikononi mwa wakili wake: benki inaandika ahadi kwa wakili wa muuzaji kwamba uhamisho na rehani vikisajiliwa italipa moja kwa moja. Anayelipa taslimu anaweza kutaka salio liwekwe kwenye akaunti ya pamoja ya mawakili wote wawili, sahihi mbili. Inahitaji wawe wawili, bila shaka. Mmoja hawezi kujichunga mwenyewe.

#33 Nyumbani_Leeds
Hapo kwa benki ndipo nilishangaa nikilinganisha. Huku mara nyingi wakili yule yule wa mnunuzi ndiye anayefanya kazi ya benki. Huko Nairobi benki ina wakili wake na bili ni yako, juu ya ile ya wakili wako, pamoja na ushuru wa stempu wa rehani.

#34 Binti_Pate
Asilimia 0.1 ya mkopo huo ushuru wa rehani. Mdogo, lakini upo.

#35 Fundi_Umeme_254
Na muuzaji halipi kodi yoyote? Au hiyo ya faida ya asilimia 5?

#36 Karani_Mstaafu
Ilikuwa 5 tangu 2015. Kuanzia Januari 2023 ni 15, ya faida, na mlipaji ni muuzaji. Fundi, huyo mtu wa mauzo alikupa notisi za miaka gani? Lakini mnunuzi asisinzie hapo. Muuzaji asipolipa kodi yake, uhamisho wako unaweza kusimama ukingoni. Wakili mzuri anaandika kwenye mkataba nani analipa nini na lini.

#37 Doo_ni_Doo
Niulize kwa nia njema. Tuseme Mchovu analipa wakili, serchi inatoka safi, anasajili, anapata hati yake. Anaweza kulala?

#38 Karani_Mstaafu
Zamani ningesema ndiyo. Siku hizi nasema alale upande.

Kifungu cha 26 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinasema hati inaweza kupingwa kama ilipatikana kwa ulaghai, au kinyume cha sheria, au bila utaratibu. Tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Upeo ikaamua kesi ya Dina Management dhidi ya kaunti ya Mombasa. Kiwanja cha Nyali kando ya bahari. Aliyegawiwa kwanza, 1989, alikuwa Rais Moi. Kikauzwa, kikauzwa tena. Mnunuzi wa mwisho alikuwa na hati mkononi. Korti ikasema mgao wa kwanza ulikuwa wa ardhi ya umma na haukufuata utaratibu, na hati haiwezi kusimama juu ya mgao wa namna hiyo, hata mnunuzi akisema hakujua.

#39 Doo_ni_Doo
Kwa hivyo wakili HATOSHI. Nimeshinda uzi huu.

#40 Bikoni_Imesimama
Hujashinda, umesoma nusu. Kesi hiyo inamaanisha serchi ya jina la sasa haitoshi, inabidi kurudi nyuma mpaka mgao wa kwanza: nani aligawiwa, kiwanja kilitengwa kwa ajili ya nini, mipango ya jiji ilisemaje. Hiyo kazi wewe na chifu mtaifanya saa ngapi?

#41 Mtaa_wa_Saba
Na wakili wa kawaida wa laki na nusu ataifanya? Wengi wanatoa serchi ya ukurasa mmoja wanaibandika kwenye barua.

#42 Binti_Pate
Kweli. Mteja anayedai historia yote ya kiwanja kwa maandishi huipata. Asiyedai hupata ukurasa mmoja.

#43 Otis_wa_Kayole
Syokimau 2011 watu walikuwa na karatasi, trekta zikaingia. Athi River 2023 kwenye ardhi ya kiwanda cha saruji, vivyo hivyo. Nilikuwa Syokimau siku ile kwa shughuli nyingine. Kuna jamaa alikuwa ameshika faili juu ya kichwa kama mwavuli anamwonyesha dereva wa trekta.

#44 Mama_Tumaini
Tusichanganye lakini. Wale wa Athi River wengi waliuziwa na watu wasio na hati kabisa, kampuni ya saruji ndiyo iliyokuwa nayo na ndiyo iliyoshinda kesi. Serchi ya kawaida tu ingewaonyesha mwenye mali. Dina ni jambo jingine, pale mnunuzi alikuwa na hati kweli.

#45 Nyumbani_Leeds
Naomba kuteka uzi kidogo. Mimi nataka kununua Nairobi nikiwa huku. Nitampa kaka yangu hati ya uwakili, anitilie sahihi. Kuna kizuizi?

#46 Karani_Mstaafu
Hati ya uwakili itiwe sahihi mbele ya mthibitishaji wa hati huko au ubalozini, ije ilipiwe stempu na isajiliwe huku. Na swali la kwanza: bado ni raia wa Kenya? Kwa Katiba, kifungu cha 65, asiye raia hapati zaidi ya ukodishaji wa miaka 99. Hata mkataba ukiandika miliki huru, sheria inausoma kama miaka 99.

#47 Nyumbani_Leeds
Nina zote mbili. Alhamdulillah.

#48 Mama_Tumaini
Na kaka yako unamjua vizuri?

#49 Nyumbani_Leeds
Mama, tafadhali.

#50 Mpangaji_Mchovu (Alhamisi, saa 3:05 usiku)
Ripoti. Nimeongea na mawakili wawili, mmoja Upper Hill na mmoja mtaani kwetu. Wa Upper Hill ametaja kiwango kile kile cha Binti. Wa mtaani akasema "tutaelewana". Nimewakagua kwenye tovuti ya LSK, wote wana cheti cha mwaka huu. Wote wawili wameniuliza pesa imetoka wapi, mpaka nikahisi mimi ndiye mshukiwa.

Nikamwandikia wakili wa kampuni: nitakuja na wakili wangu, nipeni nakala ya hati mama, hali ya mpango wa sehemu, na barua ya benki kama kuna rehani. Amejibu kwamba Ijumaa haitawezekana tena, mkurugenzi amesafiri, wataniambia wiki ijayo. Hakutuma hati.

#51 Karani_Mstaafu
Rehani.

#52 Bikoni_Imesimama
Mpango wa sehemu haujasajiliwa. Naweka soda.

#53 Binti_Pate
Au mkurugenzi amesafiri. Wakurugenzi husafiri.

Kuhusu pesa imetoka wapi, usione vibaya. Sheria za kuzuia utakatishaji wa fedha ziliguswa 2023, mawakili wa ardhi wanatakiwa kumjua mteja na chanzo cha pesa zake.

#54 Otis_wa_Kayole
Wamepata mnunuzi mwingine asiye na wakili. Fleti hiyo imekwenda, Mchovu. Ningekuwa wewe ningetuma mtu apige simu kama mteja mpya aulize bei.

#55 Mpangaji_Mchovu
Shemeji amepiga. Bado inauzwa. Kwake ni milioni 6.9.

#56 Mama_Tumaini
Haya. Shemeji amelipa ada yake.

#57 Doo_ni_Doo
Kwa hiyo tofauti ya laki tatu unalipia wakili wawili. Nabadilisha msimamo kwa muda, nitarudi.

#58 Fundi_Umeme_254
Swali jingine. Mkeo inabidi atie sahihi mahali? Yangu haijui kama nanunua.

#59 Binti_Pate
Kununua peke yako unaweza. Idhini ya mwenzi huja upande wa anayeuza au anayeweka rehani nyumba ya familia. Siku utakapotaka kuiuza au kuikopea, atajua.

#60 Mama_Tumaini
Atajua kabla ya hapo. "Yangu haijui." Mke si jokofu, Fundi.

#61 Karani_Mstaafu
Mchovu, wiki ijayo wakikuita, usiende bila nakala ya hati mama na serchi iliyofanywa na wakili wako mwenyewe. Serchi ya Nairobi siku hizi ni kwenye Ardhisasa, mfumo wa mtandaoni wa wizara ya ardhi, tangu Aprili 2021, anaiomba akiwa ofisini kwake. Serchi ambayo kampuni imekuchapishia usiipokee hata kama ina muhuri.

#62 Mpangaji_Mchovu
Sawa mzee. Shukrani. Nitarudi na majibu yao.

#63 Njiru_Finest
Wakubwa, nimefuata uzi wote. Mimi nina cheti cha hisa cha kampuni ya kununua mashamba, ploti iko Kamulu, na barua ya mgao ya mzee wangu. Nimeweka geti na tangi la maji. Naweza kuuza nikitumia wakili?

#64 Karani_Mstaafu
Cheti cha hisa si hati. Barua ya mgao si hati, Mahakama ya Upeo ilirudia hilo 2023 katika kesi ya Torino. Unachoweza kuuza kwa sasa ni matumaini. Fungua uzi wako, huu ni mrefu.

#65 Bikoni_Imesimama
Na ukiufungua weka namba ya ploti. Si picha ya geti.